Ukuta wa Saa Nane

Mwezi uliopita nilikwenda Usagara kutengeneza friji la duka la dawa za mifugo. Nilipomaliza nikavuka barabara kutafuta chakula, na pale kwenye kibanda cha chipsi nikamwona Deus. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kreti ya soda katikati ya magoti, anatoa chupa moja, anaifuta kwa kitambaa, anairudisha, halafu anaitoa ileile. Nywele zimeingia mvi. Nilisimama mbele yake nikamwita kwa jina. Akainua uso akacheka, na kicheko kilikuwa kilekile cha zamani, cha mtu aliyekwisha kukutungia utani na anasubiri tu umkaribie. Utani haukuja. "Umetoka Mwanza? Mvua imenyesha huko?" Nikamwambia imenyesha jana. Akafuta chupa. "Umetoka Mwanza? Mvua imenyesha huko?" Dada yake, aliyekuwa anageuza viazi kwenye mafuta, akaniambia bila kugeuka, "Akikuuliza mara ya tatu usijibu, mama, atachoka mwenyewe. Mnafahamiana?" Nikasema tulifanya kazi karibu, zamani. "Basi wewe umemjua akiwa mzima," akasema. "Sisi tumeanza kusahau alivyokuwa." Nilimwomba anifungie chipsi, nikazibeba hadi kwenye gari, na mpaka nafika mjini sikuwa nimefungua mfuko.

Mwaka ule nimeusimulia mara nyingi. Nimewasimulia vijana ninaowafundisha ufundi, nimeusimulia kanisani siku ya wasichana, nimeusimulia hata kwenye harusi za watu nikipewa kipaza sauti. Huwa nasimulia mwanzo na mwisho: binti aliyefeli kidato cha nne, akasoma ufundi friji, akapata nafasi ya kwenda Dar, akarudi na cheti, na leo wanaume wenye vitambi wanamwita injinia. Watu hupiga makofi. Katikati huwa napaacha. Ya kwetu Misungwi, ya baba na mama na ng'ombe, siyaandiki hapa, kwa sababu hayana hatia yoyote katika jambo hili. Naandika ile katikati.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba Mkuyuni, juu mlimani kwenye mawe, na mwenye nyumba alikuwa amejenga ukuta wa nyuma ukaishia kwenye jiwe, basi nusu ya ukuta wangu ilikuwa tofali na nusu ilikuwa mwamba. Jiwe lile lilinyonya jua mchana kutwa, na nikirudi kutoka kazini lilikuwa linanirudishia joto kidogo kidogo kama mtu anayerudisha vitu alivyoazima. Nililipenda. Nililiwekea kioo na sufuria zangu mbili, na juu yake nikabandika picha za maghala ya baridi nilizozikata kwenye kalenda. Nilikuwa na ndoto ya kujenga nyumba ya baridi kwenye kila mwalo wa ziwa hili, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ili samaki asioze na mama anayemuuza asibembeleze mtu. Ndoto hiyo nilikuwa naisema kwa sauti nikichambua dagaa. Siku moja nikamsikia jirani, mama wa chumba cha pili, akimuuliza mumewe, "Huyu binti anaongea na nani kila siku?" Mume akajibu, "Na jiwe lake. Mwache, angalau lenyewe halimjibu vibaya." Nilicheka peke yangu hadi dagaa wakaungua. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mtu wa kucheka na wa kulia kwa jambo dogo. Mbuzi akichinjwa mimi naondoka. Ninapofikiria niliyoyafanya mwaka huohuo, huwa najiuliza moyo laini unamsaidia nini mtu, kama unalia kwa ajili ya mbuzi halafu unanyamaza kwa ajili ya binadamu.

Karakana tuliyofanyia kazi ilikuwa chini ya mlima, si mbali na soko. Bosi wetu, Masanja, alikuwa Msukuma mwenzangu, mtu wa haraka, shati limechomekwa, simu mbili mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linanisumbua hadi leo, maana angekuwa mbaya ningemtwisha nusu ya mzigo. Lakini karakana ilisimama kwa Mzee Bwire. Huyu alikuwa Mjita wa Ukerewe, mwembamba, koti la bluu lililofuliwa mpaka likawa jeupe mabegani, penseli sikioni. Alifanya hesabu kwa sauti, taratibu, kama padri anayesoma majina ya ubatizo. Saa nne asubuhi alikunywa uji wa ulezi kutoka kwenye chupa ya chai, na kila siku alinimiminia mimi kwanza kwenye kifuniko, yeye akanywea kwenye kikombe chenye ufa. Nikikataa alikuwa anasema, "Kunywa, Minza. Msukuma asiyeshiba hana akili ya kugawanya."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupima kondensa. Chuoni tulifundishwa kuifungua, kuisafisha na kuifunga; kuichagua ukubwa wake ni kazi ya wengine, tuliambiwa. Mzee Bwire aliniita kwenye benchi yake akanichorea. "Joto halifi," alisema. "Linahama tu. Ukitaka kitu kiwe baridi, unalitoa joto ndani, unalibeba, unalitupa nje. Kompresa ndiyo inayobeba, na yenyewe inapobeba inatoka jasho, na jasho lake nalo ni joto, linajumlishwa humo. Kondensa ndiyo mlango wa kutokea. Sasa wewe ukipima mlango kwa watu wachache wa misa ya kwanza, misa ya pili watakanyagana." Na mlango huo, aliniambia, unakuwa mwembamba kila hewa ya nje inapozidi kuwa ya moto, kwa sababu joto linatoka kwa shida kwenda mahali palipo na joto tayari. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote lazima ujue hewa ya pale, hapohapo kondensa itakapofungwa. Ya kusikia redioni haikusaidii.

Kwa ajili hiyo alikuwa na desturi ambayo sijawahi kuiona kwa fundi mwingine. Aliita kukaa na ukuta. Kazi ikipatikana, alichukua kiti cha plastiki, kipimajoto, karatasi na uji wake, akaenda kukaa mbele ya ule ukuta itakapofungwa kondensa, tangu asubuhi saa moja hadi saa kumi na moja jioni, akiandika kila saa. Walinzi walimcheka. Alikuwa anawauliza maswali: jua linahamia wapi, moshi wa jirani unaelekea wapi, wale wadudu wa ziwani wakija kama wingu wanatua upande gani. Aliwahi kukuta kondensa ya ghala la samaki imezibwa na wadudu hao kama imepakwa udongo. "Ukuta hauna haraka," alisema. "Kaa nao, utakwambia. Lakini ukiondoka mapema unakwambia nusu."

Mwezi wa nne, kiwanda kimoja cha soda kando ya ziwa kikatupa kazi. Walikuwa na tangi kubwa jeupe uwanjani, la ile gesi inayotia mapovu kwenye soda. Gesi hiyo huletwa ikiwa imegandamizwa ikawa kimiminika, na hukaa humo ndani kwa baridi kali kuliko barafu. Tangi limefunikwa vizuri, lakini joto ni joto, linapenya kidogo kidogo. Kimiminika kikipata joto kinachemka, mvuke unapanda juu, presha inapanda nao. Kwa hiyo kuna mashine ya kuupoza ule mvuke juu ya tangi ili urudi kuwa kimiminika, na joto lote linalotolewa humo hutupwa nje kwa kondensa na feni zake. Mashine yao ilikuwa imechoka. Tuliombwa tufunge nyingine. Mzee Bwire alikuwa anaumwa goti wiki ile. Akanipa kipimajoto chake, akanipa kiti, akaniambia, "Kesho kaa na ukuta wewe. Karatasi yako ndiyo nitakayopigia hesabu." Niliruka kwa furaha. Nilibeba kile kiti kichwani kutoka karakana hadi kiwandani, nikisalimia watu njiani kama nimebeba keki.

Deus ndiye aliyekuwa mwangalizi wa lile tangi. Mhaya, miaka kama ishirini na saba, mrefu, ovaroli limepigwa pasi mpaka lina mikunjo miguuni. "Karibu, shemeji," akaniambia kabla hata sijaweka kiti chini. Nikamuuliza ushemeji umetoka wapi. "Nina kaka zangu watatu hawajaoa, nimewaambia tayari. Ila kuna mmoja anaogopa michembe. Nyinyi Wasukuma mtu akija ugenini mnampa viazi vikavu kama kokoto." Nikamwambia bora kokoto kuliko watu wanaokula panzi halafu wanajisifu kwa Kiingereza. Akashika kifua kama amepigwa risasi. "Senene si panzi! Bibi, omba radhi mbele ya tangi!" Alinionyesha kila kitu: valvu, geji, shimo la pampu lenye ngazi ya hatua chache kwenda chini, bomba la zamani la kutolea gesi presha ikizidi. Aliniletea soda ya baridi. Asubuhi ilikuwa na mawingu, upepo wa ziwa unapita uwanjani, na ukuta ulikuwa poa. Saa moja, nyuzi ishirini na mbili. Saa tatu, ishirini na nne. Saa tano, ishirini na sita. Niliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuandika.

Saa sita kasoro simu ikalia. Alikuwa bosi Masanja. "Minza, uko wapi? Ile nafasi ya kozi ya Dar, fomu zinafungwa leo. Nataka picha mbili za pasipoti kabla ya saa nane. Njoo upesi." Nikamwambia niko kwenye ukuta. "Ukuta utaukuta," akasema, akakata. Nilikaa kidogo nikiutazama. Hewa ilikuwa inavuma vizuri, mawingu hayakuonyesha kuondoka. Nikakunja karatasi. Deus akasema, "Shemeji, sasa ukuta wako nani anakaa nao?" Nikamwambia, "Kaa nao wewe." "Mimi naingia ndani, kuna lori la chupa linashusha. Lakini nenda tu, nitakulindia, hauna miguu huu." Tukacheka wote wawili. Mpiga picha aliniazima koti jeusi lililonuka jasho la watu wote waliotangulia, akanisimamisha mbele ya kitambaa cha bluu, akaniambia nisicheke. Nilishindwa. Picha ile nimecheka, na ndiyo iliyo kwenye cheti changu ofisini.

Fomu zikanichelewesha, bosi akanitaka nisubiri sahihi, na nilipotoka ilikuwa saa kumi na moja. Nilikaa kwenye ngazi za karakana nikajaza saa zilizobaki kwa kichwa changu. Saa saba, ishirini na nane. Saa nane, ishirini na tisa. Saa tisa, ishirini na tisa. Saa kumi, ishirini na nane. Nilizipanga zikapanda na kushuka vizuri kama kilima cha mchoro wa shule. Kesho yake Mzee Bwire alivaa miwani akaisoma, kidole kikishuka safu kwa safu. "Ulikaa mpaka saa ngapi?" "Mpaka kumi na moja, Mzee." "Mchana ukuta haukupata jua?" "Kulikuwa na mawingu na upepo, Mzee." Akanimiminia uji. Halafu tukapiga hesabu pamoja, mimi nikiandika yeye akisema: joto linalopenya kwenye tangi, joto la gesi mpya ikishushwa kutoka kwenye lori, jasho la kompresa. Mwisho akasema kwa hewa ya namna hii, ile kondensa iliyopo stoo inatosha kabisa, na hata akiba kidogo inabaki. "Ingekuwa hewa inafika thelathini na nane, tungehitaji mara moja na nusu ya hiyo. Lakini karatasi ndiyo inayosema." Akaweka sahihi yake. Bosi alifurahi, kondensa ile ilikuwa inakaa stoo muda mrefu inakula vumbi. Mimi pia nilifurahi. Nilikwisha kusahau kwamba nilidanganya. Si kweli. Nilikwisha kuamua kwamba haikuwa uongo, ilikuwa kukadiria.

Kitu ambacho ukuta ungeniambia ni hiki. Upande wa pili wa uwanja, ndani ya jengo, kulikuwa na mashine ya kuoshea chupa, na mashine hiyo iliwashwa zamu ya mchana ikiingia, saa nane. Tundu lake la kutolea hewa ya moto lilielekea moja kwa moja kwenye ukuta wetu. Asubuhi lilikuwa tundu tu, limekaa kimya. Kuanzia saa nane lilikuwa linapuliza kama mdomo wa tanuri la mikate. Mtu yeyote aliyekaa pale akiwa na kipimajoto, hata asiyejua kusoma, angeinuka na kiti chake.

Miezi ya mvua na ya baridi mashine tuliyoifunga ilijikongoja. Deus alinipigia simu mara mbili. "Shemeji, hii mashine yako mchana inahema." Nikamwambia safisha kondensa kwa maji. Alisafisha. Mwezi wa kumi joto likaja, siku ya Jumatatu, siku isiyo na jani linalotikisika. Kondensa ilishindwa kulitupa joto, mashine ikajizima yenyewe isiungue, tangi likaanza kupata joto, presha ikapanda, na valvu ya usalama ikafunguka kama ilivyotengenezwa. Hakuna kilichopasuka. Gesi ilitoka kwa lile bomba la zamani, ambalo mdomo wake ulielekea chini karibu na shimo la pampu. Gesi ile haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, inatiririka na kujaa mahali pa chini kama maji kwenye beseni, ikiifukuza hewa ya kupumua. Deus alisikia mlio akakimbia kufunga valvu ya pampu. Alishuka zile ngazi chache. Wenzake walimwona akikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na walipopata kamba na mtu wa kushuka kumtoa, dakika zilikuwa zimepita nyingi. Bomba lile si langu, na kwamba hapakuwa na kifaa cha kupimia hewa shimoni si kosa langu. Kuna watu wengine wana sehemu zao. Wakitaka waandike zao.

Hakufa. Jioni ileile nilikwenda hospitali nikamkuta amelala kwenye kitanda cha tatu kutoka dirishani, macho wazi. Mama mmoja aliyekuwa anamuuguza mgonjwa wa jirani alikuwa ananong'ona na mwenzake, "Huyu ndiye wa kiwandani. Anauliza mama yake yuko wapi, na mama yake alikufa zamani, wamesema nduguze." Nilimsogelea nikamwambia, "Deus, ni Minza. Shemeji." Akanitazama kwa adabu. "Umetumwa na nani?" Nikamwambia mimi ndiye niliyekaa na ukuta, mwezi wa nne, naye akaniletea soda. Akafikiri sana, mishipa ikamtoka kwenye paji la uso, halafu akatikisa kichwa. Hakukumbuka ukuta. Hakukumbuka kwamba niliondoka saa sita. Alikuwa mtu pekee duniani aliyeniona nikiondoka, ukimtoa bosi aliyeniita, na sasa jambo hilo lilikuwa limefutika kichwani mwake. Nilitoka nje nikaegemea ukuta wa wodi. Nililia, ndiyo. Lakini kabla ya kulia, kwa muda mfupi kama wa kupumua mara moja, nilifurahi. Naandika neno hilo kama lilivyo. Sijapata lingine la kuliweka badala yake.

Jumanne Mzee Bwire hakuja karakana. Alikuwa amekwenda kiwandani na goti lake, na kiti, na kipimajoto. Alirudi jioni, akaweka karatasi yake kwenye benchi, akaitoa na ile yangu kutoka kwenye faili, akaziweka pamoja, akazilazia spana juu zisipeperushwe na feni. Halafu akaenda kunawa mikono. Nilizisoma. Asubuhi zilifanana karibu sawasawa. Saa nane yeye ameandika thelathini na nane. Saa tisa, arobaini na moja. Mzee alirudi anajifuta kwa kitambaa, akanitazama, nami nikatazama spana. Akaniuliza kama kuna sukari imebaki. Nikamwambia ipo kidogo. Akatia kwenye chai, akakoroga muda mrefu sana, akanywa, akaenda kwake.

Jumatano bosi aliniita pembeni, kwenye mafriji mabovu. "Barua yako ya Dar imefika. Jumatatu unasafiri. Hii ya kiwandani isikuchafue." Nikaanza, "Bosi, ile siku mimi nili—" Akainua mkono wenye simu. "Wewe uliandika ulichoambiwa uandike. Fundi ni Mzee, sahihi ni ya Mzee. Na Mzee bado mwaka mmoja astaafu, anapungukiwa nini? Wewe una miaka arobaini mbele." Alisema kwa upole, akanigusa bega kama baba. Alijua, nadhani alijua tangu mwanzo. Alinipa sentensi nikailalia kama godoro: una miaka arobaini mbele.

Ijumaa meneja wa kiwanda alikuja. Ofisi ya bosi ilitengwa na karakana kwa mbao nyembamba, na benchi yangu ilikuwa upande wa huku. Nilikuwa nimeshika kondensa ndogo ya friji la nyumbani, naikwangua kutu isiyokuwepo. Niliwasikia wote. Meneja aliuliza hesabu ilipigwa kwa hewa ya nyuzi ngapi. Mzee Bwire akajibu, ishirini na tisa. Meneja akasema pale mchana panafika arobaini, hata wafagiaji wanajua. Mzee akasema, "Ni kweli. Nimepima Jumanne." "Sasa hii karatasi ya kwanza nani aliipima? Nani alikaa pale?" Kiti cha Mzee kikalia. Kati ya benchi yangu na mlango ule palikuwa na hatua sita, na mlango haukuwa umefungwa, ulikuwa umerudishwa tu. Naujua ule mlango. Ungefunguka kwa kiganja. Mzee akasubiri, na sasa najua alikuwa anasubiri nini. Halafu akasema, "Sahihi ni yangu." Meneja akasema, "Naiona. Nauliza aliyekaa." "Aliyeweka sahihi ndiye aliyekaa," akasema Mzee Bwire. Bosi akakohoa. "Mzee, umri nao umeenda, tuseme ukweli. Macho, goti." Nikaendelea kukwangua. Mzee alipotoka alikuwa ameshika barua ya kuachishwa kazi, imekunjwa mara nne. Alivua koti la bluu, akalitundika msumarini, akachukua chupa yake ya uji. Watu wa karakana walisimama. Mimi nilikuwa nimeinama.

Jumamosi mchana nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa amepanga vyumba viwili kule kwenye bonde, na mkewe alikuwa anafunga vyombo kwenye magunia; kesho yake walikuwa wanapanda meli kurudi Ukerewe. Alinikaribisha. Mkewe akaleta ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, akatunawisha, akatuacha. Sikuweza kumega. Nikasema yote, picha, koti jeusi, ngazi za karakana, ishirini na tisa. Nilisema nikilia hadi maneno yakawa hayana mwisho. Yeye alikula taratibu, akitoa miba na kuipanga pembeni mwa sahani.

"Nilijua Jumanne," akasema.

"Mzee, kwa nini hukusema jana? Ungesema tu, Minza ndiye aliyekaa."

"Karatasi ilikuwa yako. Mimi nilikaa pale ndani nikasikiliza ule mlango. Nilikupa muda." Akamega ugali. "Nilikupa muda mrefu, yule meneja akadhani nimesahau swali."

"Jumatatu nitakwenda nimwambie bosi. Nitakwenda na kiwandani. Nitawaambia wakurudishe."

"Jumatatu unapanda basi."

Nilitaka kusema sipandi. Nilifungua mdomo, na naapa nilitaka kusema. Mkewe akaingia kuchukua bakuli, akatuona, akatoka bila bakuli. Mzee Bwire alinawa mkono, akachukua miwani kwenye mfuko wa shati, na kutoka chini ya mto wa kiti akatoa karatasi zetu za hesabu, zile tulizopiga pamoja, mimi nikiandika yeye akisema. Nilidhani atanipa nizipeleke. Hakunipa.

"Nimezikagua tena usiku wa jana," akasema. "Kujumlisha, kuzidisha, kugawanya, mstari kwa mstari. Huna kosa hata moja, Minza. Huko Dar utafaulu." Akazikunja. "Nenda sasa, tuna vitu vya kufunga."

Yeye ameshafariki, huko visiwani, na mimi nilipata habari wiki tatu baada ya mazishi. Barua niliyotaka kumwandikia bosi nilianza kuiandika mara nyingi, chuoni, chini ya mwanga mzuri, kwa mwandiko mzuri. Bosi naye sasa hayupo kwenye biashara ile, na meneja alihamishwa, na kile kiwanda kimebadilisha tangi. Siwezi kusema nilisukumwa, na siwezi kusema sikupewa nafasi. Nilipewa Jumanne, nikapewa Ijumaa, nikapewa hata Jumapili nzima, siku ambayo sikuwa na kazi yoyote zaidi ya kukunja nguo.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi.